Mwiko Uliotekwa Msibani

Swaumu wa Mlandizi hakuwa na cheti. Hakuwa na koti jeupe wala glovu, wala ule mkanda wa kiwandani wa kuzuia damu, wenye kijiti chake, ambao waokoaji hutembea nao kiunoni. Hakuwa na gari. Hakuwa na mume wa kusimama mbele za watu akasema, "Msikilizeni mke wangu." Kimo pia alinyimwa: akikaa nyuma ya jiko lake la mahindi ya kuchoma kando ya barabara ya Morogoro, dereva wa lori aliona kilemba na moshi, basi. Na juu ya hayo yote alikosa kitu kisichouzwa duka lolote: alikosa neno zito. Tangu utoto wake alikuwa mcheshi. Akisema "habari za asubuhi", watu walianza kutabasamu wakingoja kitakachofuata. Mtu wa namna hiyo hupendwa na wote, lakini akisema jambo la kweli hupata taabu.

Alichokuwa nacho ni mafunzo ya juma moja. Kikundi cha watu wa kujitolea kilikuja Kibaha, kikawakusanya wauza mahindi, wauza maji, mafundi wa pancha na vijana wa bodaboda, kwa hoja ambayo hata mtoto angeielewa: ajali ikitokea barabarani, wa kwanza kufika si daktari. Wa kwanza kufika ni muuza mahindi. Walikutana kwenye ukumbi mmoja kule Mkuza, na mwalimu wao alikuwa muuguzi aliyeitwa Naila, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo.

"Damu inayochuruzika, ikandamize," Naila aliwafundisha. "Lakini damu inayoruka kama bomba lililopasuka, mkononi au mguuni, usiibembeleze. Funga kitambaa kipana juu zaidi ya jeraha, upande wa moyoni. Si juu ya goti wala kiwiko, pale juu yake penye nyama. Tia kijiti, sokota. Sokota mpaka damu ikome, si mpaka mtu aache kulia, maana atalia tu. Andika saa. Kisha kimbiza hospitali, na usilegeze njiani. Mwenye kulegeza ni daktari. Usilegeze hata akija mkuu wa mkoa."

"Na akija mama mkwe, Mwalimu?" Swaumu aliuliza.

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Naila hakucheka. Alimgeukia Swaumu, akasema, "Hasa akija mama mkwe."

Swaumu alijifunza vizuri kuliko alivyoonekana. Usiku nyumbani alifunga mguu wa meza kwa kanga, akasokota kwa kijiko mpaka meza ikalia. Lakini siku ya kugawa vyeti hakuwepo. Aliitwa Kisarawe kumuuguza baba yake mkubwa, Mzee Saburi, na cheti chake kikabaki huko kwa wenyewe.

Mzee Saburi hakuinuka tena. Alifia kijijini kwake Masaki. Nasema Masaki ya Kisarawe, yenye mikorosho na minazi, si ile ya mjini yenye maghorofa. Ndugu walikusanyika, na Swaumu, aliyekuwa amerudi Mlandizi siku mbili tu kutazama biashara yake, alikwenda tena, safari hii akiwa na jirani yake Bilali.

Bilali alikuwa fundi pikipiki, Mnyamwezi wa Urambo, kijana wa makamo mwenye mabega mapana na kinywa kisicho na breki. Kwa damu hakuwa na udugu na marehemu. Alikuwa mtani, na msiba wa Kizaramo usio na mtani ni mchuzi usio na chumvi. Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu zama za misafara ya wapagazi, na mtani akiingia msibani huwa na ruhusa ambayo mwenye nyumba mwenyewe hana. Huvaa nguo za marehemu akaiga mwendo wake. Hutukana wakubwa na wadogo. Hulala mlangoni akadai kuzikwa. Na akishika chombo akasema, "Nimekiteka," basi kimetekwa. Mkono wa mfiwa yeyote haukigusi mpaka kikombolewe kwa kitu atakachotaka yeye. Kazi yake ni kuwafanya waliao wapumue.

Bilali aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Siku ya mazishi aliteka birika la chai, akalikalia kama kuku, akalirudisha kwa sahani ya maandazi. Siku ya pili alivaa kanzu nyeupe ya marehemu na kofia yake, akazunguka ua akichechemea sawasawa na Mzee Saburi, akiwaamkia vikongwe, "Hamjambo wajukuu zangu?" Shehe aligeuza uso upande wa pili kama mtu anayetazama mawingu.

Siku ya tatu, siku ya hitima, asubuhi, Bilali na Swaumu walipanga njama yao. Swaumu aliiba nyanya za mchuzi, wakaziponda, Bilali akajipaka shingoni na kujibwaga mlangoni huku macho yamemtoka.

"Jamani!" Swaumu aliangua kilio. "Mtani kafa! Mpagazi kafa na mzigo kichwani! Wallahi naapa, hapumui!"

Wanawake walikuja mbio. Shangazi Zubeda, dada wa marehemu na mkubwa wa nyumba ile, alishika kifua, akapiga magoti, akamgusa Bilali shingoni, akanusa vidole vyake. Kisha aliinuka taratibu, akachukua ndoo ya maji, akammwagia yote. Kicheko kilichozuka kilifika barabarani. Hata mjane, aliyekaa eda chumbani, alisikika akicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Mzaha mzaha, hutumbua usaha," Shangazi Zubeda alionya huku naye akijifuta machozi ya kucheka. "Nyie wawili, iko siku."

Siku yenyewe ilikuwa hiyo hiyo.

Mchana, masufuria ya pilau yalikuwa motoni uani, na kuni zilipungua. Bilali alidai panga. Mzee Saburi, wote walikumbuka, alikuwa na namna yake ya kupasua kuni: aliweka mguu wa kushoto juu ya gogo, akakohoa mara mbili, akamtaja adui wake mmoja, ndipo akapiga. Bilali, akiwa tena ndani ya kanzu ya marehemu, aliipandisha mpaka magotini. Akaweka mguu juu ya gogo. Akakohoa mara mbili.

"Hili la mwenyekiti wa kijiji!" alisema, akapiga. Wanawake walicheka.

"Hili la bwana misitu!"

Wakacheka zaidi.

"Na hili la Zubeda, aliyeninyima mnofu wa..." Akageuza uso kumtazama Shangazi aone kama limemfika. Panga lilipiga kifundo cha mti, likaruka, likarudi. Lilimwingia pajani, upande wa ndani, juu kidogo ya goti.

Bilali hakupiga kelele. Alikaa chini kama mtu aliyechoka. "Nimekufa," alisema.

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko.

"Mara ya pili leo!" alipaza sauti Hamisa, binamu yake Swaumu, aliyekuwa akikoroga mchuzi. "Mpagazi huyu kapewa roho ngapi?"

Swaumu naye alikuwa akicheka. Kicheko kilimkatika. Pale kwenye kanzu ya marehemu paliingia doa jekundu, na doa lile lilikuwa linapanda. Halikuenea kama maji yanavyoenea kwenye nguo. Lilisukumwa, likatulia, likasukumwa tena, na kila liliposukumwa, damu ilirukia majivu ya moto ikachemka.

Nyanya hairuki.

"Ni damu!" alipiga kelele. "Jamani, damu! Kajikata!"

"Nyanya zimebaki ngapi, Swaumu?" Hamisa alimuuliza.

"Nakuapia Mungu, Hamisa!"

"Hata asubuhi uliapa."

Wakacheka tena, wakapigana viganja. Hapo Swaumu alitambua kuwa maneno yake yote yalikuwa yamekwisha kutumika. Angeapa kwa kaburi la mama yake, wangecheka. Na kila aliposema neno moja, damu ya Bilali iliruka mara mbili. Akaacha kusema.

Alimrukia. Aliipasua kanzu, akalisukumia jeraha ngumi yake yote na kulikandamiza kwa uzito wa mwili wake mdogo. Damu ilimtoka katikati ya vidole, ya moto. Kwa mkono wa pili alivuta kanga iliyokuwa begani, akaikunja kwa meno na mkono mpaka ikawa mshipi mpana wa vidole vinne, akaupitisha chini ya paja. Akauondoa mkono kwenye jeraha, akafunga fundo la kwanza juu, penye nyama. Akaokota kijiti cha kuni, akakiweka juu ya fundo, akafunga fundo la pili, akasokota.

Kijiti kilivunjika.

Huko nyuma vicheko vilikuwa vimeanza kupungua, kimoja kimoja, kama mvua inayokatika. Hamisa alisogea hatua mbili akatazama. Uso ukambadilika.

"Mwiko!" Swaumu alimwambia, bila kugeuka.

Hamisa alitazama mkononi mwake kama aliyesahau kuwa ameushika. Ulikuwa mwiko wa mchuzi, mfupi, wa mti mgumu, mweusi kwa miaka. Akautoa. Swaumu aliufungia pale kijiti kilipovunjikia, akasokota mara moja, akasokota mara ya pili. Bilali, aliyekuwa kimya muda wote, alipiga ukelele uliowanyamazisha hata mbuzi.

"Unaniua, mchawi wewe! Mzaramo mchawi! Niachie!"

"Tukana," Swaumu alimwambia. "Tukana mpaka uchoke."

Akasokota nusu tena. Damu ikapungua, ikadondoka, ikakoma.

Alikifunga kichwa cha mwiko pajani kwa kipande cha kilemba ili usirudi. Akachukua kipande cha mkaa kilichopoa. "Saa ngapi?" aliuliza. Mtu mmoja akajibu, naye akaandika kwenye paji la uso wa Bilali, kwa tarakimu kubwa: 7.15. Hapo ndipo wanawake wa Masaki walipoanza kulia, kilio cha kweli, na wanaume wakaja mbio kutoka turubaini.

Anselmi, dereva aliyekuwa ameleta viti na turubai za kukodi kwa kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, hakungoja kuambiwa. Alianza kutupa viti chini apate nafasi nyuma. Na wakati viti vikianguka, Shangazi Zubeda alipita katikati ya watu. Watu walimpisha. Mama huyu ndiye aliyempokea Swaumu siku ya kuzaliwa, ndiye aliyemkalia unyago alipovunja ungo, na katika maisha yake yote Swaumu hakuwahi kumjibu neno la kupinga, hata kwa utani.

Shangazi aliinama, akautazama mguu uliokuwa unabadilika rangi chini ya kanga.

"Sasa legeza," alisema.

"Shangazi..."

"Legeza, mwanangu. Umefanya vizuri. Mimi nimewafunga watu walioumwa na nyoka kabla hujazaliwa. Unafunga, unalegeza, unafunga, unalegeza, mguu upumue. Ukiuacha hivyo utaoza."

"Nikilegeza, damu iliyobaki inamwagika yote."

"Msikilize mkubwa wako," mzee mmoja alisema nyuma.

"Mguu wa mtu huo, Swaumu. Si wa ile meza uliyotuhadithia," Hamisa naye alisema, kwa hofu.

Shangazi Zubeda alinyoosha mkono kwenye mwiko. Mkono wenyewe ulikuwa wa upendo, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana mkono wa hasira Swaumu angeweza kuusukuma. Alisikia sauti ya Naila: usilegeze. Lakini pale uani hapakuwa na Naila. Palikuwa na mcheshi mmoja aliyelowa damu, na shangazi ambaye neno lake lilikuwa sheria tangu Kisarawe mpaka Mzenga. Wakipimana maneno, alikuwa ameshindwa kabla ya kuanza. Katika ua ule palikuwa na mtu mmoja tu ambaye neno lake lilipita hata la Shangazi Zubeda, na mtu huyo alikuwa amelala chali, macho yanafumba.

Swaumu alimpiga Bilali kofi.

"Mtani! Teka!"

Bilali alifumbua jicho moja. "Nini?"

"Teka mwiko! Sema!"

Alimtazama kana kwamba amerukwa na akili. Kisha, polepole, lile jicho lilielewa. Midomo yake ilikuwa imekauka, ila desturi ilikuwa mahali pake.

"Huu mwiko," alisema, na watu wote wakainama wamsikie. "Huu mwiko ulio pajani mwangu. Nimeuteka. Mateka yangu huu. Mzaramo yeyote asiuguse. Mpaka nipewe jogoo."

Mkono wa Shangazi Zubeda ulibaki hewani. Hakuna aliyeijua sheria ya msiba kuliko yeye. Ndiye aliyeifundisha nyumba nzima. Kuchukua kwa nguvu kitu kilichotekwa na mtani, tena siku ya hitima, mbele ya watu, ilikuwa sawa na kumvua nguo marehemu kaka yake. Aliurudisha mkono taratibu, akauweka kifuani.

"Mwizi mkubwa wewe," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Unaurudisha lini mwiko wangu?"

Bilali alikuwa amekwisha fumba macho. Swaumu alijibu kwa niaba yake. "Anaurudishia hospitali, Shangazi. Mkononi mwa daktari."

"Basi twende tukaukomboe. Mbebeni!"

Shangazi Zubeda alipanda nyuma ya kirikuu kabla ya wote, akamlaza Bilali kichwa mapajani mwake. Swaumu alikaa miguuni, mkono mmoja juu ya fundo. Anselmi aliendesha akipiga honi mfululizo, na barabara ile ya vumbi, ambayo siku nyingine humtikisa mtu hadi meno, safari hii alijaribu kuipita kama anayebeba mayai. Kila tuta, mwiko ulicheza, na kila ulipocheza Swaumu alitazama jeraha. Lilikuwa kavu. Kijana mmoja wa ukoo aliyepanda kusaidia alinyoosha mkono aukaze ule mwiko, Shangazi akamchapa vidole.

"Huna masikio? Umetekwa huo!"

Walipofika kwenye minazi mingi, Bilali alizinduka, na maumivu yalizinduka naye. Kanga iliyosokotwa huuma kuliko jeraha lenyewe. Waliowahi kufungwa wanasema hivyo. Jasho lilimtoka, akaanza kubembeleza.

"Swaumu. Dada yangu. Legeza kidogo tu. Kidogo."

"Siwezi, mtani."

"Mguu ni wangu! Mwiko ni wangu, nimeuteka mwenyewe! Mwenye mali nasema legeza!"

Swaumu alizidi kulishika fundo. Kwa sheria ile ile aliyomwambia aitumie, Bilali alikuwa na haki. Aliinua macho, akakutana na macho ya Shangazi Zubeda. Yule mama alimtazama mpwa wake, akatazama mikono yake midogo iliyoshika fundo bila kutetemeka, akatazama jeraha kavu. Kisha aliinama sikioni mwa Bilali.

"Wewe Mnyamwezi," alisema. "Mtani anateka, harudishi nusu. Ama jogoo, ama hakuna. Unamwona jogoo humu garini?"

"Sioni," Bilali alilia.

"Basi kaa na mateka yako, unyamaze. Na ukifa kabla hujanirudishia mwiko wangu, nakufuata huko huko."

Bilali alicheka. Kicheko chembamba, cha kukoroma, lakini kicheko. Swaumu alikisikia, akageuza uso asionekane akilia.

Kwenye hospitali ya wilaya walipokewa mlangoni. Daktari, mtu mzima mwenye miwani, aliinama juu ya machela, akasoma paji la uso wa Bilali kama anayesoma kibao cha barabarani, akatazama saa yake. Akautazama mwiko. Akauzunguka, akautazama upande wa pili. Alipotikisa kichwa, Swaumu alidhani amekosea.

"Nani kafunga hivi?"

Swaumu alifungua kinywa, na kwa mazoea ya maisha yake yote mzaha ulikuja mbele. Alitaka kusema ni mchuzi uliomwagika. Lakini Shangazi Zubeda alimtangulia.

"Binti yangu huyu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake. "Swaumu binti Ramadhani, wa kwetu Masaki. Mimi mwenyewe nilitaka kulegeza, kama tufanyavyo kwa walioumwa na nyoka, akanikataza."

"Alifanya jambo la maana kukukataza, mama," daktari alisema kwa upole. "Yale ya nyoka ni mambo mengine, na hata huko hatufungi siku hizi. Huyu angelegezewa njiani, mngefika na maiti. Sasa nimepata mtu hai, na muda ninaujua, na mguu bado tunaweza kuupigania. Endelea kukaa hapa hapa, Bi Swaumu. Nikiutoa huu mwiko nataka uone."

Walimtia damu, wakamshona alivyoweza kushonwa pale, wakampeleka mjini kwa mabingwa wa mishipa. Siku mbili hakuna aliyejua kama angerudi na miguu miwili. Swaumu alikaa kwenye benchi la korido bila kumchekesha mtu. Siku ya tatu muuguzi alimwita kitandani, akaifunua shuka, akasema, "Mgonjwa, chezesha vidole." Bilali alikunja uso kama anayesukuma lori. Kidole gumba kilicheza. Kikafuata cha pili.

"Vimekataa kufa," Bilali alisema. "Vimesikia kwenu kuna ngoma."

Arobaini ya Mzee Saburi ilipofika, wanawake wa Masaki hawakukaa tu wakisubiri pilau. Shangazi Zubeda aliwapanga uani, ishirini na ushee, kila mmoja na kanga na mwiko wake, akamsimamisha Swaumu mbele. "Msimcheke," aliwaambia. "Atakayecheka nampeleka akakorogee uji." Swaumu alifundisha. Alifundisha penye nyama, si juu ya goti lenyewe; kipana, si kamba ya katani inayokata nyama; sokota mpaka damu ikome; andika saa; usilegeze. Hamisa ndiye aliyelazwa chini akawa mgonjwa, akapiga makelele ya kweli. Na Swaumu alipotia mzaha katikati ya somo, wanawake walicheka, kisha wakanyamaza wenyewe, wakingoja neno litakalofuata. Kunyamaziwa namna ile hakuwahi kukujua. Alisimama kidogo, akakionja kimya hicho, ndipo akaendelea.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye habari njema ilikuwa haijamfikia. Kule Urambo, Bi Maua, mama yake Bilali, alikuwa amepata neno kwamba mwanawe amekufa msibani Uzaramoni, tena akiwa amevaa kanzu ya maiti. Kijana mmoja aliyekuwepo alikuwa amepiga simu siku ile kwa hofu; jamaa walimficha, lakini neno baya halihitaji nauli, likamfikia juma lile la arobaini. Jamaa walipomwambia baadaye kuwa mwanawe yu hai, hakusadiki. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kufa kwa uzee, sauti ya simu haikumfikia, na aliona midomo ya watu tu ikimliwaza. "Mnanitania," aliwajibu. "Kama yu hai, aniletee mwandiko wake. Mwandiko wa mwanangu naujua."

Akakataa chakula. Siku ya nne ya njaa hiyo Bilali alipopata habari, alikuwa kwake Mlandizi, amekaa kwenye kiti na magongo kando. Aliomba kalamu. Swaumu alikaa jirani yake akimenya mahindi, na barua iliandikwa huku wakigombana.

"Usianze na 'natumaini hujambo'," Swaumu alisema. "Mama kakaa na njaa, wewe unamuuliza hujambo."

"Nyamaza. Mama yangu anapenda adabu."

"Mpe kilicho muhimu kwanza."

Bilali alifikiri, akaandika. Ilikuwa hivi:

"Mama yangu mpenzi Maua, shikamoo. Ni mimi Bilali, sikufa. Nilijikata kwa panga langu mwenyewe kwa kuringa mbele ya wanawake, kosa ulilonionya tangu nikiwa mdogo. Damu yangu ilitaka kuisha. Mzaramo mmoja, muuza mahindi, mfupi kama kinu, aliizuia kwa kanga yake na mwiko wa mchuzi. Mguu ninao. Natembea kwa magongo na nitayaacha kabla ya Ramadhani inshallah. Mama, ukiwataja watani wetu Wazaramo, watukane kama kawaida, lakini huyu mmoja umwombee dua kabla ya kumtukana. Kula chakula. Nakuja mwenyewe nikishapona. Mwanao, Bilali."

Swaumu aliisoma, akairudia. "Mfupi kama kinu," alisema mwisho.

"Uongo?"

"Lete kalamu." Chini ya jina la Bilali aliongeza mstari wake: "Mama, shikamoo. Anadaiwa jogoo na shangazi yangu, usimfiche akija huko."

"Mimi ndiye ninayedai jogoo! Mateka yalikuwa yangu!"

"Uliurudisha mwiko bila kupewa kitu. Hiyo ni kushindwa, mtani."

Aliikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha, na Bilali akaandika anwani kwa ule mwandiko wa herufi kubwa zilizoegemea kushoto ambao mama yake angeutambua hata gizani. Swaumu alipanda gari mpaka posta ya Kibaha. Alinunua stempu mbili ingawa moja ilitosha, akazibandika. Akailamba bahasha, akaifunga, akaipitishia kiganja chake mara moja kwa nguvu kama anayekaza fundo. Karani aliuliza kama ni barua ya kawaida.

"Ya haraka," Swaumu alijibu. "Kuna mama anaingoja ili ale."

Karani hakucheka. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigonga muhuri, akaitia kwenye mfuko wa Tabora, njia ya Urambo.